Kisanduku Kilichopita Mstari

Kulikuwa na mstari mwekundu sakafuni, pale korido ya wagonjwa inapokutana na mlango wa maabara, na mwanamke aliyeuchora ndiye aliyebaki na jina lake. Aliuchora mwaka wake wa pili kazini, kapiga magoti, kwa rangi iliyobakia mkebeni baada ya mafundi kupaka ndoo za mchanga wa kuzimia moto. Upande wa huku viatu vya njiani, simu, chai na mikoba. Upande wa kule makoti meupe, glavu na damu za watu. Aliyevuka na kikombe mkononi alirudishwa, awe mfagizi au daktari bingwa. "Mstari," angesema, bila kuinua sauti, na mtu akarudi kinyumenyume kama gari lililokosea njia. Haikupita miaka mingi, hospitali nzima ikawa inamwita Mama Mstari. Barua za ofisi zilizokuja na jina lake kamili zilikaa mezani siku mbili kabla mtu hajatambua ni za nani.

Alikuwa mrefu, mkavu, kucha kazikata mpaka karibu na nyama. Alifika wa kwanza asubuhi akachanganya maji ya klorini mwenyewe, akaandika tarehe kwenye ndoo. Ya jana aliyamwaga hata kama yamebaki nusu ndoo, kwa kuwa klorini iliyolala, alisema, ni maji yenye harufu tu. Koti lake halikuwahi kutoka nje ya mlango ule. Na kwenye msumari kando ya sinki kilining'inia kitabu cha ajali, kimefungwa kwa uzi wa bandeji, chenye majina ya karibu kila mtu aliyepita pale: huyu kamwagikiwa na sampuli, yule kakatwa na kioo, mwingine karukiwa na damu jichoni. Jina lake halikuwemo. Miaka kumi na tisa, halikuwemo. Kazi ikipungua alikifungua kitabu kile akakisoma taratibu, kama wengine wanavyofungua albamu ya harusi yao.

Kalamu alikuja kwake akiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, binti mnene kidogo, mcheshi, mwenye tabia ya kutafuna kalamu akifikiri. Siku ya kwanza Mama Mstari aliichomoa ile kalamu mdomoni mwake kwa koleo, akaitumbukiza kwenye klorini, akatazama saa ya ukutani dakika kumi kamili, kisha akamrudishia ikiwa imepauka.

"Haya, itafune sasa tuone."

Wote walicheka, na binti mwenyewe akacheka kuliko wote. Jina likamganda. Baadaye aliajiriwa palepale, na kwa miaka minne Mama Mstari alimpa kila alichokuwa nacho: namna ya kuvua glavu bila kugusa upande mchafu, namna ya kusikiliza mashine ya kuzungusha damu na kujua kwa mlio tu kwamba mirija haijalingana, namna ya kumtuliza mgonjwa anayeogopa sindano kwa kumuuliza habari za wajukuu. Watu walidhani ni mtu na mdogo wake. Kisha Kalamu akaenda kozi ya miezi sita, akarudi na cheti.

Jumatatu moja mkuu wa maabara, mwanamume aliyekohoa kabla ya kila sentensi, aliwakusanya. Kila mtu alijua ni kuhusu nafasi ya msimamizi wa usalama wa maabara, nafasi mpya, ingawa kazi yenyewe Mama Mstari alikuwa akiifanya tangu achore mstari. Siku hiyo alikuwa amelipiga koti lake pasi mara mbili. Mkuu alipokohoa yeye alishainamisha kichwa, kwa ule unyenyekevu aliokuwa ameujaribu mbele ya kioo, ndipo akasikia likitajwa jina la mwingine. Makofi yakapigwa. Aliitazama mikono yake mwenyewe, nayo ilikuwa inapiga makofi.

"Sasa Mama Mstari," mkuu akakohoa, "ule ufunguo wa kabati dogo, na kile kitabu, mpe mwenzako."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, una joto la mwili wake. Alimpa.

"Dada, mimi nitakuwa nakuuliza kila kitu," Kalamu alimnong'oneza, macho yamemjaa haya. "Mimi hata sikuomba."

"Uliza cheti chako, mdogo wangu," alijibu, akatabasamu ili watu waone.

Tangu siku ile kijicho kilimwingia, kikakaa. Kilikuwa kijicho cha mambo madogomadogo, na ndiyo maana hakikumpa nafasi ya kupumua. Kalamu alibandika picha za hatua za kunawa mikono juu ya sinki, na Mama Mstari, aliyekuwa akinawa vile kabla binti yule hajaota meno ya utu uzima, sasa alinawa akitazama ukuta mwingine. Daktari bingwa, ambaye kwa miaka alirudi nyuma ya mstari huku amenuna, alipokatazwa na Kalamu aliomba radhi kwa kicheko, akauliza hali yake. Na lililomchoma zaidi ni maneno. "Kagua kucha kwanza, glavu baadaye," Kalamu aliwaambia wanafunzi wapya. Lilikuwa neno la Mama Mstari, na pumziko lake katikati. Kulisikia pale kulikuwa kama kukutana na jirani njiani amevaa gauni lako, na limempendeza.

Nyumbani hakuongea kingine. Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani, alisikiliza huku pini zimejaa mdomoni, jambo lililomwokoa na kulazimika kujibu.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Ndipo yakaja mambo ya visanduku.

Sindano ikishatumika haifunikwi tena. Inadondoshwa hivyo hivyo kwenye kisanduku cha njano cha karatasi ngumu, ambacho ubavuni kina mstari uliochapwa pale robo tatu. Sindano zikifika kwenye mstari, kinazibwa na kupelekwa kwenye tanuri, na kipya kinakunjwa mahali pake. Visanduku vipya huja vikiwa bapa, vimefungwa kwa kamba. Mwezi uliotangulia, stoo ilipoanza kuvuja, Mama Mstari alikuwa amevipandisha mwenyewe juu ya kabati la vitendanishi, zile dawa za kupimia, nyuma ya makatoni ya vioo vya hadubini. Hakuna mwingine aliyejua.

"Dada, zile boksi mpya ziko wapi?" Kalamu aliuliza Alhamisi moja.

"Waulize stoo."

Akaenda stoo, akaambiwa hakuna, zinaagizwa. Akarudi na viwili vya kuazima kutoka wodini, akaviweka kwenye meza kubwa. "Kile cha chumba cha kutolea damu bado kina nafasi," alisema. "Kikifika mstari niambie tu, Dada, nitaazima kingine. Jumatano wakaguzi wanakuja, sitaki waone vituko."

"Sawa."

Chumba cha kutolea damu kilikuwa chake. Ijumaa mchana sindano zilifika kwenye mstari. Aliziona. Alisimama na kile kisanduku mbele yake, na ndani yake kukawa kimya kama kwenye chumba kilichozimwa feni. Alilofikiri lilikuwa fupi sana: Jumatano. Wangeingia na karatasi zao, wangekiona, wangeuliza msimamizi ni nani.

Akakizungusha. Akaugeuza mstari ukaelekea ukutani.

Jumatatu alidondosha sindano kumi na nane. Hakuwa mjinga, na mkono wake uliijua hatari kuliko kichwa chake. Kila mara ulisita kidogo mdomoni mwa kisanduku, naye akausukuma. Kalamu alipochungulia mlangoni aliona ubavu wa njano, mtupu, akapunga mkono akapita. Jioni ile Mama Mstari alitembea kwenda nyumbani akiwa mwepesi, akamsifu mumewe kwa suruali ambayo haikuwa nzuri kiasi hicho.

Jumanne, saa tano kasoro robo, benchi limejaa, alimtoa damu mzee mmoja mwenye mishipa minene iliyotulia. Akasukuma sindano kwenye kisanduku. Haikuanguka. Akaisukuma tena kwa kitako cha bomba, na kutoka chini ya kifuniko, kutoka miongoni mwa zile za jana au za Ijumaa, ncha nyingine ilimwingia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Hakusikia maumivu. Alisikia baridi. Ndani ya glavu nukta ilitokea, ikatanuka.

"Tumemaliza, mwanangu?" mzee aliuliza, amebana pamba kwenye mkono.

"Tumemaliza, baba. Endelea kubana hivyohivyo."

Alivua glavu, akafungua bomba, akaanza kukikamua kidole, akaacha ghafla. Usikamue. Maji yatiririke, sabuni, usikamue, usimimine klorini juu ya kidonda, toa taarifa palepale. Alikuwa amewafundisha watu wangapi vile? Kulikuwa na damu za watu zaidi ya hamsini mle ndani, na hakuna mwenye kujua ncha ile ilikuwa ya nani. Dawa za kinga, za kuzuia virusi vya UKIMWI, huanzwa upesi, saa za mwanzo ni bora kuliko zote, na zikipita saa sabini na mbili hazina maana tena. Hilo nalo alikuwa akilifundisha.

Alitoka hadi mlangoni. Kitabu kilikuwa mezani kwa Kalamu sasa, kimevalishwa jalada la nailoni. Mwenyewe alikuwa juu ya kiti, anabandika karatasi kwa ajili ya wakaguzi, plasta imening'inia kwenye meno.

"Vipi, Dada? Mbona umekunja uso?"

"Njaa."

"Nenda kale basi, nitakushikia benchi."

"Nimeshasema ni njaa tu, siyo kifo."

Akarudi. Akavaa glavu mbili mbili, akatoa damu watu kumi na mmoja zaidi, na sindano zao akazibeba kwa sinia hadi kisanduku cha meza kubwa, mbali na kile.

Jioni mumewe aliiona plasta kidoleni.

"Nini hicho?"

"Sindano."

Fundi alicheka mpaka pini mbili zikamtoka. "Karibu chamani. Njoo uone cha kwangu." Akanyoosha kidole gumba, kigumu kama kisigino, kilichotobolewa miaka ishirini na tano. "Na ada hatutoi."

"Ya kwako inapita kwenye kitambaa," alisema. "Ya kwangu imepita kwenye watu."

Mguu wa fundi ukasimama juu ya pedali. Cherehani ikanyamaza. "Dawa umeshakunywa?"

"Bado."

"Saa ngapi imekuchoma?"

"Saa tano hivi."

"Na dawa zipo palepale hospitalini."

"Zipo. Lakini lazima kwanza uandikishe. Na kitabu kiko kwa yule mtoto."

Fundi alizitema pini zote kiganjani, jambo alilolifanya mara chache, akazichomeka moja moja kwenye mto wake mdogo. "Mke wangu. Huu wivu wako nimelala nao kitanda kimoja miezi mitatu. Umenivuta shuka, nimenyamaza. Leo unataka kutuua wote wawili, na mimi sijafika hata huko maabara."

"Kesho asubuhi."

"Twende sasa hivi."

"Yeye ameshaondoka. Kesho asubuhi, nakuapia."

Hakumwambia kuhusu mstari ulioelekea ukutani. Hilo hakuwa na namna ya kulisema kwa mtu anayempenda. Alilala chali, akihesabu saa kama alivyohesabu dakika kumi za ile kalamu kwenye klorini, na kila alipofika mwisho wa hesabu alijikuta akiwaza jambo lilelile la aibu: kwamba akiandikisha, wakaguzi watakikuta kisanduku na Kalamu ataanguka, na kwamba jina lake mwenyewe litakuwa kwenye kitabu, kwa mwandiko wa Kalamu. La kwanza alikuwa amelitaka sana, na bado la pili lilimwuma zaidi.

Asubuhi, saa moja kasorobo, alifika kwenye korido akamkuta Kalamu chini, kapiga magoti, mkebe wa rangi kando yake. Alikuwa anapaka mstari mwekundu.

Mama Mstari alisimama. Rangi ilikuwa mbichi, inang'aa kutoka ukuta hadi ukuta, nzuri kuliko yake. Binti alikuwa ametumia rula.

"Ulikuwa umefifia," Kalamu alisema bila kuinuka, kama mtu aliyefumaniwa. "Nilitaka nikuombe uupake wewe, Dada. Jana nilikuja mara mbili mlangoni kwako. Nikaogopa."

Kama angempiga kofi, pengine lingekuwa jepesi. Wivu ulimpanda mpaka kwenye macho, wa moto, na chini yake kukawa na kitu kingine, uchovu, kama mtu aliyebeba ndoo mbali akagundua hakuna aliyemtuma. Alitaka kuvuka aende zake chumbani kwake, na hakuweza. Rangi ilikuwa mbichi. Yeye hakuwahi kuukanyaga mstari ule.

Kwa hiyo akasema akiwa ng'ambo.

"Lete kitabu."

"Kitabu gani?"

"Nimechomwa. Jana, saa tano kasoro robo. Kidole cha shahada, kushoto. Sindano sijui ya nani."

Kalamu aliinuka, brashi mkononi. Alitazama saa yake, midomo ikihesabu. "Saa ishirini, Dada."

"Najua kuhesabu."

"Ilikuwaje?"

"Kisanduku kilikuwa kimejaa. Kimepita mstari kwa vidole viwili."

"Lakini Jumatatu nilichungulia, kilikuwa..." Kalamu akaishusha brashi. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa, ndivyo alivyofundishwa.

"Niliugeuza ukutani," Mama Mstari alisema. "Tangu Ijumaa. Na boksi mpya ziko juu ya kabati la vitendanishi, nyuma ya makatoni ya vioo. Nilizipandisha mimi. Andika na hilo."

Kalamu hakuuliza kwa nini. Uso wake ulibadilika mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyeumizwa hasa. Kisha aliitupa brashi mkebeni, akakanyaga katikati ya mstari mbichi kwa kiatu chake cheupe cha kulia, akamshika dada yake mkono.

"Unaharibu mstari," Mama Mstari alisema.

"Twende, Dada. Dawa kwanza."

Wakaenda kwenye kliniki, upande wa pili wa jengo, mkono kwa mkono, na nyuma yao unyayo mwekundu ukafuatana nao sakafuni, mwekundu kabisa, kisha hafifu, kisha hafifu zaidi, mguu wa kulia peke yake, kama kuna mtu aliyekuwa akirukaruka. Kalamu alingoja pale mpaka kipimo cha mwanzo kikachukuliwa. Alingoja mpaka kidonge cha kwanza kikamezwa, akaangalia koo likipanda na kushuka. Ndipo akaagiza kitabu kiletwe, akakifungua juu ya goti lake, akaandika. Hakuacha kitu. Mama Mstari aliyasoma maandishi yakiwa kichwa chini: saa, kidole, kisanduku, kugeuzwa, kabati. Alikuwa ametarajia kidogo, bila kukiri moyoni, kwamba binti atamhurumia na kuruka sentensi moja. Angekuwa yeye, asingeruka. Alikuwa amemfundisha asiruke.

Wakaguzi walikuja saa nne. Walikuta mstari umevurugika na nyayo nyekundu koridoni, na kabla hawajauliza, Kalamu aliwawekea kitabu mbele, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho, akawaonyesha na kile kisanduku. Alisema kukikagua kwa macho tu mlangoni ni kosa lake. Walikisoma kitabu kile muda mrefu. Katika ripoti yao waliandika kwamba kisanduku kilichopita mstari ni hatari kubwa, na kwamba msimamizi anastahili pongezi kwa kutoficha. Mama Mstari alipata barua ya onyo, yenye jina lake kamili. Ilikaa mezani siku mbili. Hata kwa kosa lake mwenyewe, sifa zilikwenda kwa mwingine, na alipolifikiria hilo alicheka peke yake kwenye chumba cha kutolea damu, mgonjwa akamtazama kwa wasiwasi.

Dawa alizinywa siku ishirini na nane. Zilimtia kichefuchefu na ndoto za ajabu. Mumewe alimwandalia kikombe cha maji kila asubuhi, na kumwekea mpaka wa chaki katikati ya kitanda, nusu kwa mzaha na nusu kwa maagizo ya kliniki. "Na mimi nina mstari wangu," alisema. "Ukivuka nakuandika."

Visanduku alivishusha mwenyewe. Alivikunja vyote kumi na viwili kwenye sakafu, mikono ikikumbuka, akaviweka kila chumba, mstari ukitazama mlango.

Na wivu? Haukuondoka. Alikuwa ametumaini utaondoka na vidonge, kama ugonjwa mwingine wowote. Kalamu alipocheka na daktari bingwa bado ulimchoma. Lakini alijifunza kuushika kama anavyoshika sindano iliyotumika, kwa mkono wake mwenyewe, bila kumpa mtu mwingine, mpaka pa kuuweka.

Mwezi wa tatu ulipotimia ilibidi atolewe damu ya kipimo cha mwisho. Mishipa yake ilikuwa mibaya, myembamba, inayokimbia. Aliwaringia nayo wanafunzi miaka yote, kwamba hakuna aliyewahi kuupata mshipa wake kwa mara moja. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, mahali ambapo hakuwahi kukaa akiwa mgonjwa. Kalamu alinawa, akakagua kucha, akavaa glavu, akamfunga mpira mkononi.

"Wajukuu hawajambo, Dada?"

"Sina wajukuu. Usinifanyie ujanja wangu."

Kalamu alitabasamu, akapapasa kwa kidole, akatulia, akaingiza. Damu ikaja palepale, nyeusi, imetulia.

Mama Mstari aliitazama ikipanda kwenye mrija, na roho ikamwuma.

"Legeza mpira kwanza kabla hujachomoa," alisema.

"Nimeshalegeza."

Akaangalia. Ulikuwa umelegezwa. Akaangalia pamba, ilikuwa tayari. Akaangalia kisanduku cha njano, kilikuwa karibu, mdomo wazi, hakijafika hata nusu. Sindano ikaanguka ndani kwa mlio mdogo. Alitafuta kosa jingine, hakuliona, akabana pamba kwenye mkono wake kama alivyoambiwa, akatoka kungoja majibu koridoni.

Yalitoka baada ya nusu saa. Kalamu aliyaleta mwenyewe hadi kwenye mstari, ambao mahali pamoja, katikati, ulikuwa bado na alama ya kiatu. Hakuna aliyekuwa amepapaka upya. Hakuvuka. Alimpa karatasi kwa juu.

"Salama, Dada. Kila kitu salama."

Mama Mstari aliisoma mara mbili, tarehe, namba, sahihi. Kisha akaikunja akaitia kwenye mkoba wake wa njiani.

"Tarehe umeandika vizuri," alisema. "Kesho nije na brashi?"

"Njoo nayo," Kalamu akajibu. "Rula ninayo."